Mvumbuzi Ni Mimi, Mshtakiwa Ni Mimi

Aliyenisoma tangu mwanzo aruke aya mbili. Aliyeingia leo anivumilie, nitakwenda mbio.

Naitwa Wendell Ostrander, mkazi wa Dubuque, jimbo la Iowa. Kwa miaka kumi na mmoja niliandika programu iitwayo Tillie na kuigawa bure mtandaoni. Kazi yake ni moja tu. Ukiwa unajaza fomu kwenye tovuti, umeme ukakatika au paka akapita juu ya kompyuta, ukirudi unaikuta fomu yako kama ulivyoiacha. Niliipa jina la mama mkwe wangu, ambaye hasahau kitu.

Tillie ni programu huria, maana yake yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa, airekebishe na kuitumia bila kuniomba. Mafundi kumi na tisa wa nchi mbalimbali walinisaidia kuiandika bila kulipwa. Kisha ikaja barua kutoka Texas, kampuni inaitwa Cedar Latch. Walisema wazo la fomu inayokumbuka ni lao, na wanayo hataza, yaani hati ya serikali inayomkataza mtu mwingine kutumia uvumbuzi huo bila ruhusa yao. Walinishtaki. Walishtaki na watumiaji wangu thelathini na wanne: zahanati, maktaba, shule, na kanisa moja la Arkansas. Niliiondoa Tillie mtandaoni. Wiki iliyopita mliniacha nimeifungua hataza hiyo, ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa jina la mvumbuzi.

Jina ni langu.

Corinne, mke wangu, alinipokonya karatasi akaisoma mara mbili.

"Wendell Ostrander wa Dubuque. Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Basi si umeshinda! Wanakushtaki umeiba kitu chako mwenyewe."

Nami niliona hivyo hivyo. Siku ile nilikula vizuri, mara ya kwanza tangu Machi.

Siku tatu baadaye nilikuwa Texas, upande wa mashariki, katika mji mdogo ambao sitautaja kwa ushauri wa wakili. Wakili mwenyewe ni Marva Teague, mama wa miaka sitini, ofisi yake iko juu ya kinyozi. Alikuwa ameichukua kesi yangu kwa nusu ya bei kwa sababu, alisema, amechoka kuona watu wanalipa ili waachwe walale.

"Keti," aliniambia. "Na hiyo sura ya harusi iondoe."

"Jina la mvumbuzi ni langu, Marva."

"Nimeona. Najua kusoma. Mwaka 1998 ulikuwa wapi?"

"Kampuni ya mbegu ya Brandvold. Nilikuwa natengeneza tovuti yao. Watu waliagiza mbegu kwa kujaza fomu."

"Na ulitia saini kwamba uvumbuzi wako umewauzia wao."

"Walinipa dola mia tano na kibao cha kutundika ukutani."

"Haya. Brandvold ikafilisika, vitu vyake vikapigwa mnada. Viti, malori, hataza. Cedar Latch wakanunua hataza. Sasa nisikilize vizuri, baba. Mtu aliyeiuza hataza haruhusiwi kusimama mahakamani kusema haifai. Watu wengine wote duniani wanaruhusiwa. Wewe huruhusiwi."

Nililipitisha jambo hilo kichwani.

"Kwa hiyo katika Marekani nzima," nilisema, "mtu pekee asiyeweza kulipinga wazo langu ni mimi."

"Umeelewa haraka. Wateja wengine huwa wanalia kwanza."

"Sasa tufanye nini?"

"Wale wenzako thelathini na wanne wanaweza kuipinga. Akipatikana mtu mmoja aliyefanya kitu hicho hadharani kabla yako, hataza inakufa, na kesi yako inakufa nayo. Yupo?"

"Hayupo."

Marva alinitazama juu ya miwani.

"Fikiria kidogo."

"Nimefikiria."

Nilikuwa nimejibu upesi mno, na yeye aliona. Aliandika kitu kwenye daftari lake akakipigia mstari.

Sasa niwaambie ninyi kitu ambacho sikumwambia Marva, na ambacho mke wangu hakukijua kwa miaka kumi na mitatu.

Yupo.

Anaitwa Bernadette Kowalczyk. Mwaka 1997 alikuwa mkutubi Milwaukee. Nilikwenda huko kwenye mkutano wa watu wa maktaba, kampuni ya mbegu ilinituma nikajifunze jinsi wanavyopanga katalogi. Wakati wa chai niliingia jikoni kutafuta maziwa, nikamkuta Bernadette na kompyuta yake juu ya meza ya mikate. Alinionyesha fomu ya kuazima vitabu. Aliijaza nusu, akaizima kompyuta kabisa, akaiwasha tena. Fomu ilikuwa pale pale, na jina la kitabu limekatika katikati ya neno.

"Umefanyaje?" nilimuuliza.

Alinipa kurasa nne alizozichapa. "Chukua. Mimi nataka tu wazee wasinililie pale kaunta."

Nilirudi Dubuque nikaifanya fomu ya mbegu hivyo hivyo. Mabosi walipiga makofi. Akaja mwanasheria na karatasi iliyosema naapa kwamba mimi ndiye mvumbuzi wa kwanza na wa pekee. Nilikuwa na mkopo wa nyumba na tumbo la mke wangu lilikuwa la miezi minane. Niliapa. Ilichukua kama sekunde tano.

Miaka miwili baadaye nikaacha kazi nikaanza kuandika Tillie, bure, kwa kila mtu. Watu wameniandikia barua wakinisifu kwa ukarimu. Kuna shule moja Oregon iliniimbia. Haukuwa ukarimu.

Nilipokuwa nikishuka ngazi za Marva, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Delphine, fundi wa Montreal aliyeandika karibu nusu ya Tillie kwa miaka saba bila kuniona uso. Ulikuwa na maneno matatu.

"Wendell, ni wewe?"

Mafundi wangu walikuwa wameisoma hataza na wao.

Nilianza kumjibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Ulipofika ujumbe wa pili nilikuwa bado nimesimama mbele ya kinyozi. Mafundi kumi na sita kati ya kumi na tisa wanataka majina yao yaondolewe. Wawili wamefuta kila kitu walichowahi kugawa mtandaoni, hata visivyohusu fomu, kwa kuogopa barua. Mmoja anauliza kama mimi na Cedar Latch tulipanga tangu mwanzo: niwazoeze watu kitu cha bure, kisha wenzangu wapite kukusanya.

Ningekuwa yeye, ningeuliza hivyo hivyo.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikwenda kuiona kampuni iliyonishtaki. Ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Jengo la matofali, ghorofa ya pili, ukumbi mrefu wenye milango kumi na minne na kila mlango una jina la kampuni. Cedar Latch ulikuwa wa tisa. Nilibisha. Mama mmoja mwenye ufagio aliniangalia kwa huruma.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Wenye ofisi hii."

"Mwaka wa nne huu nafagia hapa. Sijawahi kuokota hata kikombe cha kahawa."

"Ndani kuna nini?"

"Meza. Na mti wa plastiki. Huo mti naufuta vumbi kila Ijumaa, maana nimeambiwa."

"Wendell!" sauti iliita nyuma yangu, nene na ya furaha, kama ya mjomba aliyekuja sikukuu. "Wendell Ostrander mwenyewe!"

Huyo alikuwa Royce Lindell, wakili wa Cedar Latch. Nilikuwa nimesoma jina lake chini ya barua zote zilizoninyima usingizi. Nilitarajia mtu mwembamba. Alikuwa mnene, ana mashavu mekundu, na alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba wa uvumbuzi! Umeshakula? Hujala. Twende."

"Wakili wangu hataki niongee na wewe."

"Nani kasema tuongee? Tutakula kambare."

Najua sikupaswa kwenda. Nilikwenda. Alikula samaki watatu na kunywa chai ya barafu yenye sukari ya kutosha kutengenezea jamu, na kwa nusu saa nzima hakugusa kesi. Aliniuliza habari za binti yangu. Nilimwonyesha picha.

Kisha akafuta vidole kimoja kimoja.

"Wendell, mimi naona aibu. Kweli. Mtu mwenye akili kama wewe kushtakiwa na hataza yake mwenyewe! Kesho saa tatu asubuhi unahojiwa kwa kiapo. Njoo useme ukweli tu: wewe ndiye uliyevumbua, wewe wa kwanza, wewe peke yako. Jioni yake tunafuta kesi yako. Unapata leseni. Tillie yako inarudi mtandaoni."

"Na wale thelathini na wanne?"

"Hao hawakuvumbua kitu."

"Lakini leseni ikiwa yangu peke yangu, nitamgawia nani Tillie? Atakayeichukua kwangu mtamshtaki."

"Hilo ni lake yeye. Wewe utakuwa salama."

"Royce, hiyo ni kama kuniruhusu nipike chakula ambacho mtu mwingine akikila anakamatwa."

Alicheka mpaka mhudumu akageuka. "Unaona? Ndiyo maana nakupenda. Majaji nao watakupenda."

Kabla hajaondoka alinifungia mkate wa mahindi kwenye karatasi nipeleke hotelini. Niliupokea.

Nilimpigia Corinne. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha hoteli, jua bado kali nje.

"Umekubali?" aliuliza kabla sijamaliza.

"Sijasema kitu."

"Basi kabla hujasema, kuna nesi amepiga simu hapa. Wa ile zahanati ya Ottumwa iliyoshtakiwa pamoja nawe. Tangu uiondoe Tillie, fomu yao inasahau. Mzee mmoja amejaza orodha ya dawa zake mara nne, kila mara inafutika. Mara ya nne amechoka, ameruka dawa ya moyo. Na wao wameifuata orodha kama ilivyo."

"Amekufa?"

"Hajafa. Amelazwa. Nesi hakukulaumu. Aliuliza tu itarudi lini, nikamwambia nitakuuliza."

Hapo ndipo nilipomwambia. Jikoni Milwaukee, kurasa nne, kiapo, vyote.

"Miaka kumi na mitatu," alisema. "Na mimi nikadhani siri yako ni sigara."

"Hiyo nayo ipo."

"Wendell."

"Naam."

"Kesho usirudie kiapo kile." Alikata simu.

Asubuhi nilimkuta Marva kwenye ukumbi wa nje ya chumba cha mahojiano, anakoroga kahawa kwa kalamu. Zilibaki dakika nne.

"Marva, yupo mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyefanya kabla yangu. Mkutubi wa Milwaukee. Mimi nilichukua kwake."

Aliacha kukoroga. Sijawahi kumwona mtu akikasirika bila kusogeza hata nyusi.

"Ndiyo unaniambia sasa? Hapa? Na koti umeshavaa?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ungeniletea jana, ningejua pa kuiweka." Alishusha sauti. "Sikiliza. Humo ndani usilianzishe hili. Nipe siku mbili nimpate huyo mama, nijue alimwonyesha nani na lini. Hilo ndilo jambo zima, umenielewa? Alimwonyesha nani na lini."

"Wakiniuliza?"

"Hawatauliza. Nani anamuuliza mvumbuzi wake mwenyewe kama ndiye mvumbuzi? Watakuwa wajinga."

Tuliingia. Meza ndefu, kamera moja, na karani wa kuandika, dada mwembamba mwenye mashine ndogo ya kuchapa. Niliinua mkono nikaapa kusema kweli. Royce alinikonyeza. Akafungua faili, akaisogeza miwani yake, akauliza swali la kwanza.

"Bwana Ostrander, je, wewe ndiye mvumbuzi wa kwanza na wa pekee wa fomu inayokumbuka?"

Nilimgeukia Marva. Marva alikuwa anaangalia dari.

"Hapana," nilisema.

Vidole vya karani vilisita kidogo, vikaendelea.

"Tafadhali rudia."

"Hapana. Nilichukua wazo hilo kwa Bi Bernadette Kowalczyk wa Milwaukee, mwaka 1997. Mwaka 1998 niliapa uongo. Yeye ndiye wa kwanza."

Nilihisi wepesi mkubwa, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Nilisubiri Royce aanguke, au apige kelele, au aombe maji.

Royce alitabasamu.

"Asante, Bwana Ostrander. Ni jambo la kiungwana ulilofanya. Alikuonyesha wapi?"

"Jikoni. Wakati wa chai."

"Mbele ya watu?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Wakati ule fomu hiyo ilikuwa imeshawekwa kwenye tovuti ya maktaba? Watu wa nje walikuwa wanaitumia?"

Nilifikiri kwa bidii. "Alisema bado. Alisema anasubiri ruhusa."

"Napinga," alisema Marva, lakini alisema kama mtu anayepiga kelele basi likiwa limeshaondoka.

Royce alitoa karatasi mbili akazipanga mbele yangu, taratibu, kama mtu anayeandaa meza.

"Sheria ina huruma, Bwana Ostrander. Jina la mvumbuzi likisahaulika kwenye hataza, linaongezwa. Hataza haifi. Inapata mzazi wa pili, basi. Shida huja pale mzazi wa pili akikataa kuuza sehemu yake, maana bila yeye hatuwezi kumshtaki mtu." Aligonga karatasi kwa kidole. "Bi Kowalczyk ametuuzia sehemu yake mwezi uliopita. Hii hapa saini yake. Tulichokuwa tumebakiza ni mtu wa kuthibitisha kwa kiapo kwamba alichangia, na kwamba hakumwonyesha mtu mwingine yeyote. Hatukujua kama ungekubali kusema. Ile leseni ya jana niliileta ili dhamiri ikusute useme kweli, na pale mezani niliogopa utaikubali."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nimesema ukweli mgumu mbele ya mashahidi. Uliwafaa wao.

"Naomba dakika tano," alisema Marva.

"Chukua kumi," alisema Royce.

Hakuna aliyepata hata moja. Mlango ulifunguka. Bibi mwenye nywele nyeupe, koti la buluu na mkoba mkubwa alichungulia ndani.

"Samahani jamani," alisema. "Nimeambiwa nisubiri chumba cha pili mpaka niitwe, lakini natafuta choo."

"Kulia, mwisho wa ukumbi, Bi Kowalczyk," alisema Royce, haraka kidogo kuliko kawaida yake. Alikuwa ameshasimama. "Twende nikuonyeshe."

Lakini bibi hakuondoka. Alikuwa ananitazama mimi. Aliingia hatua moja, akaweka mkoba wake juu ya meza, juu ya zile karatasi zenye saini yake, akainama kunisogelea uso.

"Wewe ni yule kijana wa mbegu."

"Ndiyo, Bi Bernadette."

"Wendell."

"Ndiyo."

Alishika mgongo wa kiti cha Marva, na Marva akainuka akamkalisha pale pale, hakumuuliza mtu ruhusa.

"Bi Kowalczyk," Royce alisema, "mahojiano haya hayakuhusu, tafadhali..."

"Yule kijana wako aliyekuja nyumbani kwangu," bibi alimwambia Royce, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia kitabu kilichocheleweshwa, "alikaa kwenye kochi langu akaniambia Wendell amefariki. Akasema nikitia saini, mjane wake na binti yake watapata chochote. Mimi nilitia saini kwa ajili ya mjane."

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka. Royce alianza kuangalia kalamu yake, sehemu moja baada ya nyingine. Marva alifungua daftari ukurasa mpya.

Karani aliinua uso kutoka kwenye mashine yake.

"Naomba kuuliza," alisema. "Hili nalo niliandike?"